Kaya ya Kumi na Saba

Mafunzoni Chake walitutandikia mchoro ukutani:
mstari wa kula, mstari wa kuchuma,
kutoka mwaka sifuri mpaka tisini.
Wa kula unaanza na uji na haulali tena.
Wa kuchuma umejikunyata chini kama paka wa jikoni
hadi miaka ishirini na kitu, ndipo unainuka,
unampita mwenzake, unakaa juu kidogo,
kisha magoti yanauma, unashuka.

Kila nchi ina kilima chake, alisema mwalimu.
Kuna za baridi, kijana wa ishirini na tano
bado anakula cha wazee, kitabu mkononi,
na ajuza wa themanini ndiye mlaji mkuu:
dawa, muuguzi, chumba chenye kengele.
Kuna na zetu. Hapo akatazama saa.
Nikaandika "kilima". Nikanywa soda ya mafunzo.

Sasa niko Mtambwe, msimu wa karafuu,
na kishikwambi chenye chaji asilimia arobaini.

Namba moja: Shaame, thelathini na nane, yuko mtini.
Namhoji kwa kupaza sauti, na tawi linajibu kwanza.
"Pishi saba! Andika saba! Jana nne. Juzi mvua."

Namba mbili: Bikombo, mkewe. "Kazi?"
"Sina."
Anasema hivyo akichambua karafuu, mtoto mgongoni,
unyayo ukisukuma ukuni jikoni.
Mashine inataka jibu moja. Nikabonyeza: hana.
Ikalia mlio wa kuridhika.

Namba tatu: Riziki, miaka tisa.
Kwa mchoro wetu huyu ni mlaji mtupu.
Vidole vyake vimepakwa rangi na vikonyo.
"Nnachambua za jirani mpaka isha. Nnataka viatu."
Mashine ikakataa: umri mdogo, hakiki.
Nikahakiki. Akacheka, pengo mbele.

Namba nne hayupo. Mcha, kumi na tisa, Unguja,
hotelini Nungwi, anatandika vitanda
vya wazee wa zile nchi za kengele,
waliokwisha kuchuma kwao, wamekuja kwetu kula.
Mwezi uliopita alituma elfu ishirini.
Mwezi huu ametuma salamu.

Namba tano: Bi Mize, sabini na nne, au na sita,
"mwaka uliooza muhogo, tafuta mwenyewe."
Ukili unapita vidoleni mwake bila kuangaliwa.
Nikauliza: kwa wiki, unakula nini?
Akafikiri kama mtu aliyeulizwa jina la jirani wa zamani.
"Muhogo. Samaki akipatikana, mimi mchuzi."
Kisha: "Na wewe, una miaka mingapi?"
"Ishirini na tisa."
"Chako nani anakila?"

Vidonge vya presha vya mama, pale Wete.
Ada ya mdogo wangu, na wa pili anayemfuata.
Deni la duka la Hamad, tangu Ramadhani.
Sikumtajia. Mkataba wangu ni siku ishirini na moja;
siku ya ishirini na mbili nalala chini na paka.

Wanasema mchumia juani hulia kivulini.
Kivuli kilikuwepo, upande wa kibaraza.
Waliokaa humo walikuwa wakichambua na kusuka,
na mimi.

Bikombo akaniletea sahani: muhogo wa nazi, vipande vinne.
Nikatafuta pa kuandika chakula cha mgeni.
Hakuna kisanduku. Nikala.
Bi Mize alisema leo hana njaa,
na Riziki akamtazama,
kisha akaitazama sahani.

Mwisho wa dodoso kuna maoni ya mdodosaji,
herufi mia, zisizidi.
Nimeandika: *muhogo, vipande vinne.*
Chaji ikakatika kabla sijauliza
cha nne kilikuwa cha nani.